Siku Tuliyowaficha Wazee

Dada yangu alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume kwa miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita Sista, hata watu waliomzidi umri. Mimi ni mdogo wake, tumefuatana, na kazi yangu tangu ujana ni jiko. Nayasimulia haya kwa kuwa nilikuwapo tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa wanaoyasimulia mtaani huyapinda. Wapo wanaosema Sista alikuwa mwizi, wapo wanaosema alionewa. Hakuiba kitu, wala hakuna aliyemwonea.

Ilianza na mzee mmoja fundi saa. Alilazwa kwa homa ya mapafu, akapona, akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na asitokee mtu wa kumchukua. Siku ya kwanza alivaa koti lake, akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri. Siku ya pili vilevile. Siku ya kumi na moja daktari akasema kitanda kinahitajika, mzee atolewe. Atolewe aende wapi, hilo daktari hakulisema. Dada alipomaliza zamu akamshika mkono, akaja naye nyumbani. Nilikuwa nakata vitunguu. Akaniambia huyu atalala chumba cha baba, akasema kama mtu anayekuarifu kwamba amepitia dukani akanunua mkate.

Nilinuna wiki nzima, sitaficha. Nyumba aliyotuachia baba ilikuwa na vyumba vinne, na sisi tulikuwa wawili tu: mimi mjane, yeye hakuwahi kuolewa. Nilikuwa nimeizoea nafasi yangu. Lakini fundi saa alikuwa mtu wa kuishi naye. Aliifufua saa ya ukutani iliyokufa baba yetu akiwa bado hai, akawa anaisahihisha kila siku adhuhuri kwa kusikiliza redio. Mwezi ulipokwisha, mpwa wake akajitokeza ameinamisha kichwa, akaomba mjomba wake abaki na yeye awe analeta mchango. Wiki hiyohiyo jirani wa yule mpwa naye akaja kuulizia nafasi ya mama yake. Biashara yetu ilizaliwa hivyo. Haikupangwa na mtu.

Wakati ule kumpeleka mzazi kwa watu baki lilikuwa jambo la kusemwa. Watu walituletea wazazi wao kwa mlango wa nyuma, na majirani wakavumisha kwamba Sista anafuga wazee kama kuku. Ungewaona wale watoto wenyewe: watu wazima, wenye vyeo vyao, wanashindwa kumeza chai waliyokaribishwa. Dada alikuwa akikaa nao jikoni kwangu, anawaacha waseme yao yote, kisha anawaambia maneno mawili: "Hujamtupa. Umemleta." Nimemwona mwanamume mwenye mvi akilia kwa maneno hayo.

Na yalikuwa kweli. Dada aliacha kazi hospitali, akapata leseni ya wazee sita, akaajiri wahudumu wawili. Alijua nani hulala na taa, nani hapendi kuguswa bega, nani akisema "nimeshiba" anamaanisha chakula ni kigumu kutafuna. Kila kitanda kilikuwa na kengele ya umeme, na mhudumu aliyeiacha ilie mara ya pili alikuwa na kesi ya kujibu. Katika miaka minne ya mwanzo hakuna mzee wetu aliyepata kidonda cha mgongo. Wauguzi wenzake wa zamani walikuwa wakija kuuliza anafanyaje.

Mgema akisifiwa, mnajua anavyolifanya tembo.

Mmoja wa wazee hao sita alikuwa mama wa mfanyabiashara wa mabati. Alifia mikononi mwa Dada, safi, ametulia. Baada ya maziko yule mwanawe akaja akasema anataka wafanye kitu pamoja. Alinunua kiwanja cha jirani, akajenga jengo refu lenye vyumba kumi na vinane, na leseni mpya ikatoka ya wazee ishirini na wanne kwa nyumba zote mbili. Wakawa wabia. Dada alisimamia wazee, mbia akasimamia majengo na mambo ya maofisini. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Alikuwa mtu wa maghala tu, na mtu wa maghala akiona nafasi tupu hapati usingizi. Yeye ndiye aliyeyachukua yale maneno mawili ya jikoni akayaandikisha kwenye bango la getini kwa herufi kubwa za buluu.

Watu wakaanza kupanga foleni. Ile aibu ya mlango wa nyuma ilikwisha, sasa walikuja na magari yao getini mchana kweupe. Mzee wa ishirini na tano tulimpokea kwa huruma: mwanawe alikuwa anahamishwa kikazi kesho yake, na mama ameshashushwa na begi lake. Dada akamwekea kitanda chumba cha kushonea, kwa wiki mbili, akasema. Wa ishirini na sita tulimpokea kwa sababu tulishampokea wa ishirini na tano. Baada ya hapo hatukutafuta sababu. Mwaka wa tatu wa jengo jipya wazee walikuwa thelathini na mmoja, nusu ya chumba cha kulia imekuwa bweni, na wengi wakila vitandani. Wahudumu hawakuongezeka. Tulikuwa tukisema wahudumu wazuri hawapatikani.

Kengele nazo zikawa zinalia bila kukoma, maana mikono ilikuwa haitoshi. Asubuhi moja akaja fundi umeme akazing'oa zote. Dada alisema makelele yanawasumbua waliolala. Nilikuwa nagawa supu. Niliziona nyaya zikishuka ukutani, na nikaendelea kugawa supu.

Mwalimu Mkuu aliletwa wakati huo, wa ishirini na tisa. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi tuliyosoma sisi wawili. Alituandikisha, alitukagua kucha, na Dada alipokuwa darasa la sita ndiye aliyemwendea baba kumwambia huyu binti asitolewe shule. Sasa miguu ilikuwa imeishiwa nguvu, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyetu. Binti yake, mshonaji wa sare za shule, alisimama ofisini anakunja na kukunjua kitambaa cha mkononi. Dada akamwambia yale maneno yake mawili. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba anayasema haraka, kama karani anayegonga muhuri.

Nafasi iliyobaki ilikuwa chumba cha kupigia pasi, hakina dirisha. Mwalimu alipoingizwa akatazama juu, akatazama pembeni, akatabasamu. "Darasa limejaa, siyo?"

Dada akacheka, akamwambia mwezi ujao kuna chumba kitafunguka. Mwalimu akaitikia kwa kichwa na asiulize zaidi. Sote watatu tulijua vyumba vya nyumba ile hufunguka kwa njia gani.

Barua ya ukaguzi ilikuja wiki moja kabla. Mbia alipoisoma hakuonyesha wasiwasi. Alisema funika kombe mwanaharamu apite. Wazee saba watolewe matembezi siku hiyo, vitanda saba vikunjwe, jioni kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Dada alishinda akipita chumba hadi chumba. Nilidhani anatafuta njia nyingine. Kesho yake akanipa karatasi yenye orodha ya watu saba, akaniambia niandae chakula cha kubeba, niende nao, kwa kuwa yeye lazima awepo kumpokea mkaguzi. Mwalimu alikuwa kwenye orodha. Angeachwa, angeongea na mkaguzi, na mzee yule hakujua kusema uongo wa kuaminika.

Kilichoniuma asubuhi ile ni furaha yao. Tuliwaambia wanakwenda kutembea, na hakuna aliyekuwa amevuka geti kwa miezi. Mwalimu aliomba suruali yake ya suti na kofia. Bibi mmoja aliyekuwa muuza vitambaa enzi zake alitaka poda, akajipaka mbele ya kioo cha mhudumu, akauliza kama nywele zimekaa. Wengine watano hawakujua vizuri wanakokwenda, lakini walijua ni sikukuu. Mbia alikuwa ameazima basi dogo la shule. Dereva na mhudumu wa kiume waliwapandisha mmoja mmoja, tukaondoka saa mbili na nusu.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Tulipita daraja jipya, tukapita uwanja wa mpira, Mwalimu akataja majina ya wanafunzi wake waliojenga maduka barabara ile. Tukala mayai na mkate. Saa tano Dada akapiga simu: mkaguzi amechelewa, ndiyo kwanza anaingia, tuzunguke kidogo. Saa saba akapiga tena kwamba bado yupo. Jua lilikuwa limeshika bati la basi. Tulijaribu kituo cha mafuta, lakini choo chao kilikuwa juu ya ngazi nane na mwenye kituo hakutaka basi lizibe pampu. Tukaegesha nyuma ya ghala la saruji penye kivuli cha ukuta. Muuza vitambaa, poda imeshamchuruzika shingoni, akawa ananiuliza tunashuka wapi. Nikawa namjibu karibu tu, bibi. Akiuliza tena, namjibu tena.

Mwalimu aliniomba choo mara mbili, kwa adabu, kwa sauti ya chini. Mara zote mbili nilimwambia bado kidogo. Mhudumu alishuka kutafuta chupa au kopo, akarudi mikono mitupu. Mwalimu akageukia dirishani na asiombe tena.

Tulipokuwa tukipita mbele ya uwanja wa mpira kwa mara ya tatu, akasema bila kunitazama, "Leo kuna mkaguzi nyumbani."

Nikainama kuokota maganda ya mayai.

"Nilipokuwa mkuu wa shule na mimi nilikaguliwa," akaendelea. "Nilikuwa naazima madawati shule ya jirani, yaonekane yanatosha. Nakiri. Lakini mtoto sikuwahi kumficha."

Baadaye kidogo nikaona amevua kofia na kuiweka mapajani, ameishikilia kwa mikono miwili. Nilielewa, na nikageuza uso. Hata muuza vitambaa hakuuliza tena.

Tuliruhusiwa kurudi saa kumi na robo. Dada alikuwa anatungoja uani na cheti mkononi, anatabasamu, maana mkaguzi alikuwa ameandika kwamba nyumba inafuata masharti yote. Akafungua mlango wa basi yeye mwenyewe. Harufu ndiyo iliyompokea kwanza. Kisha akamwona Mwalimu, na kofia pale ilipo.

"Amekwenda?" Mwalimu akamuuliza.

"Amekwenda, Mwalimu."

"Basi tushuke."

Dada akasogea ili amsaidie, akaniashiria nilete maji ya moto na suruali safi. Mwalimu akainua kiganja, polepole, kama alivyokuwa akimnyamazisha mtoto darasani. "Si wewe, mwanangu. Niitie yule kijana mwanamume." Dada alikuwa ameosha wanaume wasiohesabika katika miaka yake ya wodini, na hakuna hata mmoja aliyemkataa. Alisimama nje ya chumba cha pasi mpaka kazi ikaisha, cheti bado kiko mkononi, hajui akiweke wapi.

Tungesutwa, pengine tungejitetea. Mwalimu hakumsuta mtu. Kila asubuhi alimwitikia Dada salamu vilevile, akamuuliza amelalaje. Jumapili binti yake alipokuja, nilikuwa napanga vikombe na Dada alikuwa koridoni, na sote wawili tulimsikia binti akimuuliza baba yake wiki imekwendaje. Mwalimu akajibu kwamba alipelekwa matembezi, akaona daraja jipya, ni kubwa kweli. Binti akafurahi. Akatoka akamshukuru Dada kwa mikono miwili.

Usiku ule Dada aliniambia angependa zaidi kupigwa kofi. Mzee ambaye hakujua kusema uongo alikuwa amejifunza, na aliyemfundisha ni yeye.

Wiki tatu zilizofuata alikonda mbele ya macho yangu. Chakula nilichompakulia kilirudi. Akaacha kupita getini, akawa anazungukia mlango wa nyuma, ule ambao watu waliupitia kwa aibu enzi zile. Mbia alipoleta soda za kuwapongeza wafanyakazi, Dada alisema kichwa kinamuuma. Kisha Jumatatu moja akavaa sare yake ya zamani ya uuguzi, ingawa haikumkaa tena, akaniambia nimsindikize kwa mkaguzi. Nilimuuliza kama mbia anajua. Alisema mbia atajua.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alitupokea vizuri, akadhani tumekuja kufuata nakala ya ripoti. Dada alikataa kiti. Akasimama akaeleza yote: idadi, basi, saa tulizozunguka, chumba cha pasi, kengele. Hakumtaja mbia hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake na natazama sakafu.

Alipomaliza, mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Nilihesabu vikombe," akasema. "Jikoni, kwenye kichanja cha kukaushia. Vilikuwa thelathini na kimoja, vyote vya mzee mmojammoja, vina alama. Nikajiuliza hao saba nikiwaandika wataenda wapi. Nikaandika ishirini na nne."

Alama zile nilizichora mimi, kwa rangi ya kucha, ili wasibadilishane. Siku ile ofisini tulikuwa wanawake watatu wazima, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Mkaguzi alisema sasa hana budi kuandika, na ataanza na kosa lake mwenyewe. Aliandika kweli, na baadaye tulisikia alihamishwa. Kwa upande wetu, tulipewa mwezi mmoja wa kuwatafutia wale saba mahali, na Dada akanyang'anywa ruhusa ya kuendesha makao ya wazee. Mbia alikuja na hasira zake. Alimwambia Dada kwamba watu wengine huungama kwa Mungu, yanakwisha kimyakimya. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ana haki ya kukasirika.

Familia zilipoanza kuja, hakumtuma mtu kuzungumza nazo. Alisimama mwenyewe, akawaambia mmoja mmoja alichokifanya. Wengine walimtukana. Wengine waliuliza tu, na sasa sisi tufanyeje, na hilo lilimwumiza kuliko matusi. Binti wa Mwalimu alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango. Alipouliza kama ni kweli baba yake alijikojolea ndani ya basi, Dada alisema ni kweli. Binti akaiachia fremu.

"Wewe ndiye uliyeniambia sijamtupa," akasema. Akaingia ndani, akamfungia baba yake nguo.

Mwalimu aliishi kwa binti yake mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwenye chumba cha mbele kati ya mabunda ya vitambaa vya sare. Dada hakuthubutu kwenda. Siku moja binti mwenyewe ndiye aliyemfuata Dada, anatembea ameshika kiuno. Alikuwa ameumia mgongo kwa kumnyanyua. Hakusema amesamehe. Alisema anahitaji mtu anayejua kazi. Dada akaenda kila asubuhi kwa miezi mitano, kwa miguu, na mkoba wa dawa. Mwalimu alimruhusu kumgeuza, kumkanda miguu, kumkata kucha. Kuogeshwa, alingoja mpaka jirani mwanamume aje. Dada hakuomba zaidi. Kwenye msiba wa Mwalimu alikaa nyuma kabisa, karibu na waosha sufuria, na binti alipotuma mtu amwite mbele, alisema pale alipo panamtosha.

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya mpaka leo. Anakwenda kwa wazee majumbani mwao, yeye na wanawake wanne aliowafundisha. Ruhusa yake ya kuendesha makao ilirudi zamani, na kila mara kuna mtu anamwomba afungue tena. Mimi pia nimemwambia. Si kila mzee ana binti mwenye chumba cha mbele; fundi saa hakuwa na mtu. Ananisikiliza, anasema najua, na hafungui.

Mimi nilibaki pale makaoni, jikoni kwangu; Dada alihamia mtaa mwingine. Mbia alileta meneja mwingine, akaongeza jengo, wakapata leseni halali ya wazee arobaini, na kengele zikarudishwa. Bango lilibadilishwa. Hakuna aliyemlaumu mpishi. Nililisubiri swali kwa miaka, kwamba na wewe je, ulikuwa wapi, na hakuna aliyeliuliza, hata Dada.

Alhamisi huja kunichukua twende sokoni. Husimama ng'ambo ya barabara, geti halisogelei. Mwezi uliopita bibi mmoja mgeni, aliyekuwa akiota jua barazani, aliniuliza yule mwanamke anayesimama kule kila wiki ni nani, kwa nini haingii. Nilimwambia ni dada yangu, ni muuguzi, ana haraka. Nikafunga geti nyuma yangu, nikavuka.